Proforma tatu, mkono mmoja: vile watu wanapangana mu marshe za Leta

Tangu mwaka 2024, nchi ilipoanza kubishana juu ya marshe za forashi, vile visima vya maji, na za lampadere, zile taa za barabara za Kinshasa, neno «marshe» limeingia mu kila mdomo huku Lubumbashi. Mu taxi-bus ya kutoka Katuba, kwa kinyozi, mu grupu za WhatsApp za familia, kila mtu ana maelezo yake. Huyu anasema «balikula marshe», yule anasema «ilikuwa grea-gre, njo wizi wenyewe», wa tatu anasema «hapana, ni bei balipandisha», na wote watatu wanakasirikiana wakati kila mmoja anaongea kitu chake tofauti kabisa. Mama mmoja jirani yetu aliniuliza tena bila mzaha, «Papa, ile marshe balikula ni ya Kenya ao ya Zambia?» Alifikiri ni soko, juu Kenya na Zambia ni majina ya masoko yetu huku Lubumbashi. Nilicheka, kisha nikaona yeye angalau ameuliza, sisi wengine tunatikisaka kichwa tu kama vile tumeelewa.

Basi nijaribu kulifungua hili fundo, na tuanzie chini kabisa.

Leta, yaani serikali, ikitaka kununua kitu, iwe madawati ya shule, dawa za hospitali ao kanivo, ule mfereji wa maji wa barabara, haiendi sokoni na kikapu. Inatangaza inachotaka, wauzaji wanaandika bei zao, kila mmoja mu bahasha yake iliyofungwa, siku ikifika bahasha zinafunguliwa mbele ya watu, na anayetimiza masharti kwa bei nzuri anapewa kazi. Ule mkataba njo marshe. Lile shindano la bahasha njo apeldofre, ndugu zetu wa Tanzania wanaita zabuni, na mi nitasema zabuni juu ni fupi.

Sasa sikiliza vizuri hapa, juu maneno yote yanayofuata yanasimama juu ya hii kitu moja. Nguvu ya zabuni iko mu ile bahasha kufungwa. Nisipojua wewe utaandika ngapi, naogopa kuandika bei ya juu, nitashusha, nitapiga hesabu tena usiku, nitashusha kidogo tena mpaka pale nabaki na faida yangu ya halali. Ule woga njo unalinda makuta ya watu, siyo kashe ya muhuri, siyo sahihi ya mkubwa. Kwa hiyo mtu akitaka kuua zabuni hana haja ya kuiba karatasi hata moja, anaua tu ule woga: wauzaji wanakutana kabla, wanaambiana bei, wanachagua nani atashinda na nani atashindwa. Hiyo njo njama ya zabuni. Karatasi zote zinabaki safi, bahasha zote zimefungwa vizuri na gundi, na shindano halikuwepo.

Hapa njo watu wanachanganya. Ile wazee wanaita «operasio retur», pale aliyeshinda anarudisha sehemu ya pesa kwa aliyempa kazi, ni maneno kati ya muuzaji na ofisi. Grea-gre nayo ni pale Leta inakaa na muuzaji mmoja bila shindano, na siyo wizi yenyewe kama yenyewe, sheria ya marshe ya 27 Aprili 2010, ile namba 10/010, inairuhusu lakini kwa hali chache na kwa ruhusa, mfano pale kuna dharura kubwa ao pale mwenye kile kitu ni mmoja tu. Kupandisha bei ni matokeo, inaweza kutoka mu njia yoyote ya hizo. Lakini njama ya zabuni ni kati ya wauzaji wenyewe kwa wenyewe, na inaweza kupita hata mu ofisi ambamo hakuna mtu amekula hata franga 500. Ndiyo, mara nyingi huku kwetu wanakuwa wote pamoja, ofisi na wauzaji, sikatai. Ila ukitafuta mwizi upande wa ofisi peke yake, nusu ya mambo inakupita mbele ya macho.

Wewe mtu wa L'shi fikiria derby, Mazembe na Lupopo. Arbitre akihongwa, kosa ni la arbitre, utamtukana mpaka kesho. Lakini kama makapteni wawili walikutana jana yake mu bar moja ya Kamalondo wakakubaliana 2-1, arbitre anaweza kuwa mtakatifu, kamisere wa mechi anaweza kuandika raporo nzuri, tiketi zimeuzwa, jasho limetoka, kadi ya njano imetolewa, mtu amebebwa na machela, na bado hukuona mechi.

Nikuambie nililoliona mimi. Zamani nilikuwa nafanya kazi mu sekretaria, zile nyumba ndogo za kuchapa na fotokopi zinazojipanga karibu na maofisi. Asubuhi moja anaingia bwana mmoja, shati imepigwa pasi, ana USB. Alitaka proforma tatu, zile karatasi za bei, za madawati ya shule fulani. Tatu, na antete tatu, vile vichwa vya karatasi, za makampuni matatu, moja ina picha ya ndege, ingine ina ramani ya Kongo, ya tatu jina tu. Akaniomba nibadilishe aina ya herufi mu ile ya pili «ili zisifanane». Nilipokuwa nazipanga nikaona neno «livraison» limeandikwa «livvraison», na v mbili. Mu ya kwanza. Mu ya pili vilevile. Mu ya tatu vilevile. Nikaona tena kitu kingine, bei za proforma ya pili zilikuwa zile za kwanza ukiongeza asilimia 8 kwa kila mstari, mbao asilimia 8, rangi asilimia 8, hata misumari asilimia 8, na ya tatu ilikuwa asilimia 15 mwanzo mpaka mwisho.

Nikamwambia, «Vye, hii neno iko fote, nirekebishe?»

«Achana nayo, peti. Banasomaka paka bei.»

Nikaimprima, nikachukua pesa yangu, akaenda. Sikuwa na habari ni kosa gani nimesaidia, mi nilidhani ni ile kawaida ya «leta proforma tatu» inayojulikana na kila mtu. Na hapa njo uongo wa kwanza unaotakiwa kuvunjwa: kuwa na bei tatu siyo kuwa na shindano. Tatu ni hesabu ya karatasi. Shindano ni hesabu ya vichwa vinavyoogopana.

Zile proforma mbili za bei ya juu zilikuwa ofa za kusindikiza, maana hazikuja kuoa, zimekuja kumsindikiza bwana harusi. Ni namna moja, na ni ile inayopendwa zaidi juu ni rahisi, lakini ziko zingine. Kuna kukaa pembeni: kampuni inanunua dosie ya zabuni, inakuja mpaka kutembelea eneo, watu wote wameiona, siku ya kuweka bahasha haionekani, ao imeondoa ofa yake dakika ya mwisho kwa sababu ambayo hata mtoto hawezi kuikubali. Kuna kugawana eneo, wewe chukua kazi za Ruashi mi niachie Kampemba, na kila mmoja anaheshimu mpaka wa mwenzake kuliko hata tunavyoheshimu mpaka wa Kasumbalesa. Na kuna zamu.

Ya zamu nataka nikae nayo kidogo, juu sisi tuko na kitu kinachofanana nayo kabisa, likelemba. Mama kumi, kila mwezi dola 50, mwezi huu mama wa kwanza anabeba 500, mwezi ujao wa pili, hakuna mwenye kugombana juu kila mmoja anajua siku yake iko njiani. Makampuni yakipangana zamu yanafanya vilevile: kanivo hii ni yako, ile ya mwezi wa nane ni yangu, na yule asiyekuwa na zamu analeta ofa ya kusindikiza bila kulia. Asiyeridhika analipwa pembeni, anapewa kipande cha kazi kama mdogo wa mshindi, ao mshindi anakubali kununua simenti kwake kwa bei tamu. Tofauti na likelemba ni moja tu na ni kubwa: kwenye likelemba kila mama analeta pesa yake mwenyewe. Huku pesa inaletwa na mtu ambaye hakualikwa, yule mwenye nyumba inayojaa maji mvua ikinyesha juu kanivo ilifika nusu ya njia.

Tuseme kanivo, kwa mfano tu. Kazi yenyewe pamoja na faida nzuri ya mjenzi ni dola 80.000. Makampuni matatu yamekutana, wa zamu anaandika 118.000, wasindikizaji wanaandika 124.000 na 131.000. Kamisyo inafungua bahasha mbele ya watu, inalinganisha, inachagua 118.000, na raporo inaandika kwa moyo mweupe kabisa kwamba kati ya ofa ya chini na ya juu Leta imeokoa dola 13.000. Imepoteza 38.000. Kwa hiyo ile hoja ya «lakini walichukua wa bei ya chini» haimsafishi mtu, bei ya chini kati ya bei tatu za uongo ni uongo mfupi tu. OCDE, lile shirika la nchi tajiri lenye makao Paris, inakadiria kwamba pale njama zinapoondolewa bei inaweza kushuka kwa asilimia 20 ao zaidi. Chukua bajeti ya barabara yoyote unayoijua, ondoa moja ya tano, uone ni kilometa ngapi zimekaa mu mifuko.

Na tusijitukane sana, siyo ugonjwa wa Afrika peke yake. Marekani, miaka ya 1950, makampuni makubwa ya mashine za umeme, General Electric na Westinghouse zikiwemo, zilikuwa zinagawana marshe kwa zamu, zamu inageuka kila baada ya wiki kadhaa, watu wakauita mpango ule «awamu za mwezi», yaani mwezi wa angani. Kilichowafichua ni kwamba shirika moja la umeme la serikali, Tennessee Valley Authority, lilikuwa linafungua bahasha za makampuni tofauti na kukuta bei ileile, bahasha ilikuwa ya siri lakini bei ilikuwa pacha. Mwaka 1961 wakubwa saba wa makampuni hayo walihukumiwa jela siku 30, na wakaingia. Kidogo, ndiyo, lakini walikuwa watu wa tai na kanisa, na jela ni jela. Brazili nako wajenzi wakubwa waliokuwa wanagawana kazi za Petrobras, kampuni ya mafuta ya Leta ya kule, walijiita klabu na sheria za klabu waliziandika kwa mtindo wa shampionati ya mpira, yaani mfano wangu wa derby wenzetu waliufanya kuwa dokima.

Sasa, ukiwa na karatasi safi mkononi, unamshika vipi mtu?

Jibu fupi: usiangalie dosie moja. Dosie moja ni kama picha moja ya mtu anayetembea, huwezi kujua anaenda wapi. Weka dosie za miaka mitano mezani, za walioshinda na hasa za walioshindwa, juu mwongo mkubwa mu hii kazi ni aliyeshindwa. Nani anashindwaka kila mara na bado anaendelea kulipia dosie na garanti, ile dhamana ya benki, bila kuchoka? Mfanyabiashara gani anapoteza mara tisa mfululizo na hashushi bei? Nani akishindwa leo unamuona wiki mbili baadaye kwenye shantie ileile na mashine zake, anafanya kazi kwa mshindi? Kwa nini siku kampuni mpya kutoka mbali ilipoingia, bei za wote zilianguka, na ilipotoka zikapanda tena?

Kuna kisa cha Uswisi, jimbo la Ticino, ambacho mi nakipenda sana juu kinaonyesha hesabu ndogo tu inaweza kuona kitu macho hayakioni. Kuanzia 1999 mpaka 2005 makampuni ya kuweka lami kule yalikuwa yanakutana mara kwa mara na kugawana kazi za barabara. Wataalamu walipoangalia bei baadaye waliona kwamba wakati wa njama bei za washindani zilikuwa zimebanana sana, tofauti kati yao ni kama asilimia 3 tu, na njama ilipovunjika bei zikatawanyika, zikafika kama asilimia 10, na gharama zikashuka karibu asilimia 30. Kwa nini? Juu mashindano ya kweli yana fujo. Mmoja ana mashine yake, mwingine anakodi, mmoja ana deni benki, mwingine shantie iko mlangoni kwake, kwa hiyo bei zao zinatupana huku na huku. Wasindikizaji wao hawana hesabu yao, wanachukua bei ya bwana harusi na kuongeza kidogo. Asilimia 8, asilimia 15, mpaka misumari.

Korea Kusini walichukua akili hii wakaiweka mu kompyuta, tangu 2006 mamlaka yao ya ushindani ina programu inayopokea data za zabuni na kuzipa alama ya mashaka: wangapi walishiriki, bei ziko karibu kiasi gani, mshindi alikaribia makadirio ya serikali kiasi gani. Kompyuta haihukumu, inasema tu «hapa pachimbwe».

Na hapo kwenye kuchimba vinatoka vitu vya ajabu ambavyo hakuna hesabu ndani yake. Garanti za benki za washindani wawili zenye namba zinazofuatana, yaani mtu mmoja alisimama kwenye gishe moja akachukua zote mbili. Namba ya simu moja. Mwandiko mmoja juu ya bahasha. Mtu mmoja anayeleta bahasha mbili na kusema ya pili «nimetumwa na rafiki». Faili za Word ambazo ukifungua sehemu ya maelezo ya faili unakuta jina la mwandishi ni moja. Makosa ya kujumlisha yanayofanana, na hiyo ina nguvu sana, juu watu wawili wanaweza kupata jibu sahihi lilelile bila kuonana, lakini kupata kosa lilelile, hapana, hiyo inataka mkono mmoja.

Sasa nisimamishe hapa kwanza, juu najua kuna mtu tayari ameanza kuandika orodha ya majina. Ishara siyo ushahidi. Nenda soko la Kenya asubuhi, mama wa makala ya kupikia wote watakuambia bei moja ya mfuko, na hawakukutana usiku mu bar: wamenunua kwa lori moja, wamelipa bariere moja, bei haiwezi kuwa tofauti. Simenti vilevile. Kinachofanya kosa siyo bei kufanana, ni watu kukubaliana, na makubaliano lazima yaonyeshwe. Njo maana hesabu inakufikisha mlangoni tu, kuingia ndani unahitaji mdomo wa mtu.

Mdomo unafunguliwa vipi? Turudi kwenye likelemba. Likelemba inavunjwaka na nini? Siyo polisi, ni yule aliyebeba mapema akaacha kulipa, ao yule anayeona zamu yake inasukumwa mbele kila mwezi. Njama nazo ziko vile, zimejaa vinyongo. Basi nchi nyingi zimeweka sheria ya kusema hivi: wa kwanza kuja kutuambia kila kitu, na ushahidi, hatuadhibu ao tunampunguzia, wa pili atalipa, wa tatu atalipa vizuri. Hapo kila mmoja anaanza kumuangalia mwenzake mu simu, nani ataniwahi? Afrika Kusini wana mpango huo tangu 2004, na mwaka 2013 makampuni 15 ya ujenzi yalikubali kulipa faini ya jumla ya randi bilioni 1,46 kwa kupangana kwenye zabuni, mambo ya viwanja vya Kombe la Dunia 2010 yakiwemo. Yale maviwanja tuliyoyashangilia na vuvuzela. Sitawadanganya, kuna watu waliona faini ilikuwa ndogo kulinganisha na walichokula, na mi sioni wamekosea.

Kwetu? Vyombo viko, shida ni kwamba watu wanavichanganya. Mu kila ofisi kubwa inayonunua kuna CGPMP, ile selili inayotayarisha zabuni, fikiria mpishi. DGCMP, ofisi ya kukagua marshe, inaangalia chakula kabla hakijaenda mezani, inaweza kusema hapana, rudia. ARMP, mamlaka ya kusimamia marshe, haipiki, inaweka kanuni za jikoni, inasikiliza muuzaji aliyeonewa, na inafanya odit mezani pameisha safishwa. IGF, ile Inspection générale des finances, na Kuru ya hesabu, ile Cour des comptes, zinakuja kuangalia pesa ya Leta ilienda wapi. Muuzaji anayeona ameibiwa anaanza kulalamika kwa ofisi yenyewe iliyotangaza, akikosa haki anapanda ARMP, kwenye kamati ya kusuluhisha ugomvi. Na juu ya kupangana bei wenyewe kwa wenyewe kuna sheria ingine ambayo watu wachache wanaitaja, ile ya 9 Julai 2018, namba 18/020, ya uhuru wa bei na ushindani. Tena tuko mu COMESA, ile jumuiya ya soko la nchi za Afrika Mashariki na Kusini, ambayo kamisheni yake ya ushindani iko Lilongwe, Malawi, na ilianza kazi 2013, kwa mambo yanayovuka mpaka. Mi naona kosa letu liko hapa: tumezoea kuita wakaguzi wa pesa tu, wakati njama ya zabuni inataka mtu wa kukagua bei na tabia za wauzaji, na hao wawili wanatakiwa kuongea. Mkaguzi wa pesa akikuta malipo yana karatasi zote anaandika sawa.

Halafu kuna uongo mwingine, wa watu wazuri, na huu unaniumiza kichwa zaidi: «mambo yote yawe wazi, njama zitaisha». Nusu kweli. Ukitangaza mapema kwamba Leta imetenga dola 120.000, umewapa kiasi cha kupangia, ile 118.000 yangu ya juu unafikiri ilitoka wapi. Ukiwakusanya wote siku moja kutembelea eneo la kazi, wanapanda gari moja, wanakunywa bia moja ya Simba wakirudi, umewaandalia kikao kwa pesa yako. Ukionyesha orodha ya waliochukua dosie, umewaambia nani wa kupigiwa simu. Uwazi unatakiwa kwa zamu yake: kabla ya bahasha kuwekwa, majina na makadirio yafichwe, baada ya kazi kutolewa, vyote viwekwe nje, ofa za walioshindwa pia, na mabadiliko ya mkataba yanayokuja miezi sita baadaye, juu mengine yanajificha kule.

Lakini kinga kubwa kuliko zote haina ujanja, ni kuongeza watu. Njama ya watatu ni chakula cha jioni, njama ya kumi na mbili ni mkutano wa hadhara. Na sisi wenyewe tunawafukuza watu: tunaandika masharti kama vile tumepima mwili wa mtu mmoja, tunaomba uzoefu wa miaka kumi kwa kuchimba vyoo, tunaomba garanti ambayo kijana mwenye kampuni ndogo ya Kampemba hawezi kuipata, tunatangaza zabuni Ijumaa na kufunga haraka, tunalipa baada ya mwaka na nusu kisha tunashangaa wanaojitokeza ni walewale watatu. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya kuchelewa kulipa peke yake, juu mjenzi mwaminifu asiye na mtaji wa kungojea anaacha, na anayebaki ni yule anayejua atafidia kwa bei. Kitu kingine kidogo ambacho ofisi inaweza kufanya kesho asubuhi: kumpigia simu yule aliyechukua dosie na hakuleta bahasha, kumuuliza kwa upole kwa nini. Majibu mengine yanachekesha, mengine yanakunyamazisha.

Na kama wewe uko ndani ya ofisi na umeona, tafadhali usiwapigie simu kuwauliza «hii ni nini». Watu wengi wenye moyo safi wanafanya vile, na ikifika jioni makaratasi yamechomwa, messaji zimefutwa, na kila mtu ana hadithi yake tayari. Nyamaza. Fotokopi, piga picha za bahasha kabla hazijatupwa, juu bahasha zinatupwaka na zinasema mengi, andika tarehe na maneno uliyoyasikia vile yalivyosemwa, peleka juu kwa anayestahili. Kikao cha kufungua bahasha nacho ni cha hadhara, mwenye nafasi aende akakae pale nyuma na daftari.

Zile proforma zangu tatu nadhani bado ziko mu armware fulani, kabati ya ofisi, zimeshonwa na agrafe moja, kwenye mpangilio uleule nilioziimprima. Mwenye ufunguo wa hiyo armware aache bei kwanza. Atafute «livvraison».